Paka na viota vya bustanini: namna ya kumzuia bila kumdhuru

Kiota kikishajengwa bustanini, macho ya mwenye bustani huwa juu tawini, yakimsubiri paka apande. Hatari kubwa mara nyingi iko chini. Makinda wa ndege wengi wadogo hutoka kiotani kabla hawajaweza kuruka sawasawa, wakashinda siku kadhaa kwenye nyasi na matawi ya chini wakilishwa na wazazi wao. Siku hizo paka hahitaji hata kupanda mti. Ndizo pia siku ambazo watu hukiona kiota kitupu, wakadhani kazi imekwisha, wakamfungulia paka mlango. Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, mfungie paka ndani siku hizo. Bati, wavu, miiba na maji ni vya kukivusha kiota salama mpaka siku hizo zifike.

Kwanza jua kiota kimefikia hatua gani

Usikisogelee kukichungulia. Kaa dirishani, au simama mita kumi au zaidi, utazame nusu saa asubuhi. Anachobeba ndege mdomoni kitakueleza. Akibeba nyasi, manyoya au nyuzi, bado anajenga. Akiingia kimya bila mzigo na asitoke kwa muda mrefu, anaatamia. Akija na viwavi na wadudu kila baada ya dakika chache, makinda wameanguliwa. Ukimwona anatoka na kifuko cheupe mdomoni, hicho ni kinyesi cha makinda ambacho wazazi hukitupa mbali ili kiota kibaki safi na kisijulikane kilipo. Njiwa hulisha kwa kucheua, kwa hiyo kwao hutauona mzigo wowote. Hapo itabidi uhesabu siku.

Kwa ndege wadogo wa bustanini, na hata njiwa, hesabu ya jumla ni karibu wiki mbili za kuatamia na karibu wiki mbili za kulea kiotani. Kisha huja wiki moja au mbili za kulishwa nje ya kiota. Andika tarehe uliyoona chakula cha kwanza kikiingia, ongeza siku nane, na kuanzia hapo usikaribie kabisa. Makinda wa umri huo wakishtuka hujirusha nje wote kwa pamoja kabla ya wakati wao, na hata ukiwaokota na kuwarudisha, wengi hawakai tena.

Kuna sababu nyingine ya kukaa mbali: paka wa nyumbani ni mdadisi. Akikuona umesimama penye kichaka kilekile kila asubuhi, naye atakwenda kutazama kuna nini.

Na paka anaweza kukiharibu kiota bila kukigusa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo waliweka paka mfu aliyekaushwa akaonekana kama hai karibu na viota vya ndege aina ya Turdus merula (kwa Kiingereza, blackbird) kwa muda mfupi tu. Wazazi walipunguza kuleta chakula kwa kiasi cha theluthi moja, na kelele zao za kumkemea paka ziliwavuta wezi wengine wa viota, wakiwemo ndege wa jamii ya kunguru. Kwa hiyo shabaha si paka asipande tu. Asipate hata mahali pa kukaa chini ya kiota akikitazama.

Ratiba ya paka wako mwenyewe

Anza hapa, maana hakuna gharama. Paka huwa macho zaidi kwa kuwinda alfajiri na machweo. Awe ndani kuanzia saa nzima kabla ya jua kuzama mpaka saa moja au mbili baada ya kuchomoza. Mlo mkubwa wa siku apewe ndani, jioni, wakati uleule kila siku. Baada ya muda atakuja mwenyewe. Sufuria ya chakula isiachwe nje, kwa sababu huvuta paka wa mtaa mzima.

Ratiba hii ianze ndege anapojenga. Usingoje makinda watoke. Paka aliyezoea kutoka ukimfungia ghafla atalia na kukwaruza mlango usiku kucha, na usiku wa tatu mtu mmoja nyumbani atachoka na kumfungulia.

Wapo wanaoamini kwamba paka aliyeshiba hawindi. Anawinda, akishiba huacha tu kumla aliyemuua. Hata hivyo, aina ya chakula ina uzito wake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa chakula chenye nyama nyingi na kisicho na nafaka kilipunguza mawindo yaliyoletwa nyumbani kwa asilimia 36. Dakika 5 hadi 10 za kucheza na paka kila siku zilipunguza kwa asilimia 25. Funga manyoya au kitambaa kwenye uzi ulioning'inia kijitini, mkimbize nacho sebuleni mpaka achoke, mwachie akikamate mara chache, kisha mpe chakula.

Katika utafiti huohuo, kitambaa cha rangi kali kinachovalishwa juu ya kola kilipunguza ndege walioletwa kwa asilimia 42, kwa sababu ndege huona rangi vizuri na humwona paka mapema. Kengele haikuonyesha tofauti ya maana, ingawa utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 uliikuta ikipunguza ndege walioletwa kwa asilimia 41. Ukitaka, mvike vyote viwili, ila usivitegemee penye kiota. Rangi na kengele humsaidia ndege anayeweza kuruka. Kinda aliyekaa chini ataisikia kengele inakuja na hana pa kwenda.

Kola yenyewe iwe ya kufunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu, la sivyo paka atanyongwa na tawi. Kati yake na shingo vipite vidole viwili. Ikilegea zaidi ya hapo, ataingiza mguu na kujeruhiwa kwapani.

Mti: mkanda wa bati

Kwa kiota kilicho kwenye mti wenye shina moja, hakuna kinachoshinda bati laini. Paka hupanda kwa kuchomeka kucha. Kwenye bati kucha hazishiki. Unahitaji bati bapa la geji 28 au 30 (la migongo halifai, humpa pa kushika), mkasi wa bati, glavu nene, springi mbili za inchi chache au vipande vya tyubu ya baiskeli, na waya laini.

1. Pima mzingo wa shina penye kimo cha mita moja na nusu. Kata bati lenye urefu wa mzingo huo na sentimita 10 za kupishana. Upana, yaani kimo cha mkanda, uwe angalau sentimita 60. Ukiweza 75, bora zaidi.

2. Kunja ncha zote kali kwa koleo, sentimita moja ndani. Ukingo wa bati mbichi hukata gamba la mti, mguu wa paka na mkono wako.

3. Toboa matundu mawili kila upande wa maungio, moja juu na moja chini. Zungushia bati shinani ukingo wa chini ukiwa mita moja na nusu kutoka ardhini, ili ule wa juu ufike mita 2.1 au zaidi. Ukiuweka chini zaidi, paka mzima ataruka kutoka ardhini na kudaka gamba juu ya bati.

4. Funga maungio kwa springi au tyubu. Usipige misumari. Mti hunenepa, na mkanda uliokazwa kwa waya mtupu huula mti polepole mpaka utomvu unashindwa kupita.

5. Ziba nafasi kati ya bati na shina upande wa juu kwa gunia lililosokotwa, mjusi na vidudu wasije wakatumbukia wakanaswa.

Sasa rudi nyuma hatua kumi uutazame mti wote. Hapa ndipo wengi hushindwa: shina limefungwa vizuri, lakini kuna ukuta mita moja kando, paa la banda, au tawi la mti wa jirani linalogusa. Paka atapita huko. Chochote cha kurukia kilicho ndani ya mita 2.5 ya matawi ya mti wenye kiota ni ngazi. Kinachohamishika kihamishe: meza, pipa, kuni zilizopangwa. Tawi linalouunganisha mti na ukuta, paa au mti mwingine likate, mradi halikifuniki kiota na liko mbali nacho. Kiota kikipoteza kivuli chake, jua litawaua makinda kabla paka hajafika.

Nguzo: koni ya bati

Nyumba ya ndege iliyosimamishwa juu ya nguzo hulindwa kwa koni, kama mwavuli uliofungwa katikati ya nguzo. Kwa nguzo yenye kipenyo cha sentimita 5, chora kwenye bati duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 45, na ndani yake duara dogo lenye nusu kipenyo cha sentimita 3. Kata yote mawili, kisha pasua mstari mmoja kutoka ukingoni mpaka tundu la kati. Izungushe nguzo, vuta kingo mbili zipishane kwa sehemu moja ya sita ya duara, na uzifunge kwa boliti tatu fupi. Utapata koni yenye upana wa sentimita 75 hivi chini, na tundu la juu litakumbatia nguzo barabara. Ishikilie kwa kibano cha mpira wa maji kilichokazwa chini ya tundu.

Ukingo wa chini wa koni uwe mita moja na nusu au zaidi kutoka ardhini. Acha icheze kidogo, kwa kuwa paka huchukia kitu kinachoyumba. Grisi na mafuta usipake kamwe: paka hujilamba akaugua, na ndege akigusa, manyoya hushikana akashindwa kuruka.

Kichaka: wavu wa duara

Kiota cha kichakani, chini ya mita mbili, ndicho kigumu zaidi. Hakuna shina la kufunga bati, na paka hufika kwa kuruka mara moja. Hapa huwekwa uzio wa wavu wa kuku kuuzunguka mmea, wenye nafasi ya angalau sentimita 60 kutoka majani ya nje, ili mkono wa paka usifike.

Chukua kichaka chenye upana wa mita moja. Ongeza sentimita 60 kila upande, unapata duara la mita 2.2, na mzingo wake ni karibu mita 7. Nunua mita 7.5 za wavu wenye kimo cha mita 1.5. Sentimita 25 za chini zikunje kuelekea nje zilale ardhini, uzibane kwa vigingi kila nusu mita. Paka hachimbi sana, lakini husukuma kichwa chini ya wavu uliolegea. Vijiti vya kuushikilia vitokeze sentimita 80 tu juu ya ardhi. Sentimita 45 zinazobaki juu ya vijiti usizifunge popote, ziiname kuelekea nje. Huo ndio ufundi wa uzio huu: wavu uliokazwa mpaka juu paka huupanda kama ngazi, lakini akifika kwenye ukingo unaolegea na kumlalia, hujirudisha mwenyewe.

Juu uache wazi. Kufunika kichaka chote kunafaa tu kwa ndege wadogo kama shomoro, wanaopita kwenye matundu ya sentimita 5. Njiwa hapiti hapo, atakiacha kiota. Na nyavu laini za nailoni za kufunikia matunda usizitumie kabisa. Hunasa miguu ya ndege, nyoka na paka vilevile.

Muda wa kuifanya kazi hii una uzito kuliko kazi yenyewe. Wakati mbaya kabisa ni ndege anapotaga na siku za mwanzo za kuatamia, kwa sababu hapo bado ni rahisi kwake kukata tamaa na kwenda kuanza kwingine. Ama weka wavu kabla hajataga, ama ngoja makinda wawe na siku tatu nne. Andaa kila kitu mbali: wavu uwe umeshakatwa na kukunjwa, vijiti vimechongwa. Kisha fanyeni watu wawili, kimya, dakika 15 zisizidi, si juani mchana wala mvuani. Ondokeni, mtazame kwa mbali. Wazazi wakirudi ndani ya saa moja, mmefaulu. Wasiporudi, ng'oa upande mmoja usubiri tena. Wakikataa hata hapo, ondoa wote.

Miiba, maji na vinavyosaidia kidogo

Matawi ya michongoma, waridi au bogonvilia yaliyopogolewa ni kizuizi cha bure. Yatandaze chini ya kichaka kwa unene wa sentimita 20, yatokeze nusu mita nje ya majani. Paka anahitaji mahali pa kukanyaga kwa utulivu kabla ya kuruka, na miiba humnyima. Makinda wakishuka, hiyohiyo huwa ngome yao, basi iache hapo.

Nyasi ndefu ndani ya mita mbili ya kiota zikate mapema, kabla mayai hayajaanguliwa, ili wazazi wamwone paka anayenyemelea. Baada ya hapo usikate tena mpaka familia iondoke, kwa sababu kinda hujilaza nyasini bila kutikisika hata mashine ikimfikia.

Kinyunyizio chenye kihisi mwendo humfukuza paka vizuri, hasa wa jirani ambaye huna mamlaka naye. Kielekeze kwenye njia anayoingilia, kwa mfano upenyo wa uzio, maji yasifike kwenye kiota. Kizime siku za makinda; kinda aliyelowa hupoteza joto haraka.

Vifaa vya sauti kali isiyosikika na binadamu haviwasumbui ndege, maana masikio yao hayafiki masafa hayo, ila baadhi ya paka huvizoea na betri zikiisha hakuna anayegundua. Visiwe tegemeo. Meza ya kulishia ndege na beseni la maji vihamishe mbali na kiota, na popote viwekwapo viwe mita mbili au zaidi kutoka penye maficho.

Kwa paka wa jirani, mweleze mwenyewe tarehe. Ombi la "tafadhali mfungie paka wako" huwa halina mwisho wala halina mshiko. "Makinda watatoka kati ya Jumatano na Jumapili, tusaidiane siku hizo" watu wengi hulikubali.

Naftalini, pilipili ya unga, mafuta ya manukato ya mimea, masalia ya kahawa na gundi ya panya usiviguse kwa kazi hii. Naftalini na kahawa ni sumu kwa paka. Ini lake halimudu kusafisha mafuta mengi ya mimea. Pilipili huishia machoni. Na gundi humnasa ndege yuleyule unayemlinda.

Siku makinda wanapotoka

Utaisikia: milio mifupi kutoka sehemu tofauti za bustani badala ya kiotani, na wazazi wakikemea hovyo. Funga paka ndani mchana na usiku. Usifungue mpaka uwaone makinda wakiruka kutoka mti hadi mti bila kutua chini, jambo linaloweza kuchukua wiki nzima au zaidi.

Kinda mwenye manyoya kamili na mkia mfupi anayerukaruka chini hajapotea. Kama yuko wazi, mwinue kwa mikono miwili umweke kwenye kichaka kizito kilicho karibu, kisha uondoke. Wazazi hawamkatai kwa harufu ya mkono wako. Asiye na manyoya, ambaye ngozi bado inaonekana, arudishwe kiotani. Kiota kikiwa kimeanguka, tumia kikapu kidogo chenye matundu chini, weka nyasi kavu, kifunge palepale kilipokuwa au karibu iwezekanavyo.

Ndege aliyeguswa na meno ya paka ni suala jingine. Hata kama unaona tone moja tu la damu au huoni kitu, mate ya paka yana bakteria, hasa Pasteurella, ambao wanaweza kumuua ndege mdogo kwa siku moja au mbili. Mweke kwenye boksi la karatasi lililotobolewa matundu, lenye kitambaa chini, gizani na penye joto. Usimnyweshe maji mdomoni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo apewe dawa ya kuua bakteria, hata kama anaonekana mzima.

Baada ya familia kuondoka

Ndege wengi hutaga tena baada ya wiki chache, pengine kwenye kichaka hichohicho. Wavu unaweza kubaki kama haumzuii mtu kupita. Ukiuondoa, kunja na uuandikie vipimo vyake. Bati la mtini likague kila mwaka, ulegeze springi kadiri shina linavyonenepa. Nyumba ya ndege itoe kiota cha zamani, imwagie maji yanayochemka kuua viroboto na utitiri, ikauke kabisa kabla ya kufungwa. Na kama tundu lake lilikuwa karibu na sakafu, huu ndio wakati wa kulirekebisha: kutoka tundu hadi sakafu ya ndani pawe sentimita 15, kusiwe na kijiti cha kutulia nje ya mlango, na ubao wa ziada wa unene wa sentimita 3 upigiliwe mbele ya tundu ili mkono wa paka usiweze kupinda kuelekea chini.